Kamba ya Mwamba wa Kupuria

"Inatangazwa kwa watu wote walio chini ya Jumbe Bonifasi, wakubwa kwa wadogo, kwamba kiti cha pili cha bembea katika Bustani ya Familia, kwa kuhesabu kutoka upande wa mashariki, kimepakwa rangi ya kijani. Ni marufuku kwa mtu yeyote kukikalia, kukigusa au kukisukuma mpaka rangi itakapokauka. Atakayekutwa na rangi hiyo katika nguo zake atahesabiwa kuwa ameivunja amri hii. Kwa amri."

Karani Urbano alilisoma tangazo hilo mara mbili katika gulio la Misigiri, mara ya kwanza akiwaelekea wauza chumvi na mara ya pili akiwaelekea wauza kuku, kisha akaikunja karatasi na kuitia katika mfuko wa shati. Watu walikuwa wamesikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nia ya kukalia kiti hicho, kiwe kibichi au kikavu.

Luciana, mjane wa Mathayo, alibaki amesimama mbele ya karani kama mtu aliyesomewa nusu ya barua. Juma lililopita Jumbe alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba siku hii ya gulio lingetolewa tangazo kuhusu mwamba.

"Shikamoo, mama," alisema Urbano, alipoona haondoki.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Habari ya mwamba haipo?"

"Ya mwamba sikupewa. Nimepewa ya bembea."

Klara, jirani yake, ambaye kinywa chake hakikuwahi kupumzika tangu alipoolewa katika kijiji hicho, alimvuta mkono. "Mama Lea, twende zetu. Au unangoja rangi ikauke nikusukume?"

Luciana hakucheka. Uwele wake ulikuwa umekwisha kukatwa na umelundikwa juu ya chanja, na mchwa walikuwa wameanza kupanda miguu ya chanja hiyo. Uwele wa kaya nyingine zote za mlimani ulikuwa katika hali hiyo hiyo. Upepo wa kupepetea ulikuwa umekwisha kufika. Kitu pekee ambacho hakikuwa mahali pake ni ruhusa.

Mwamba wenyewe ulikuwa bapa la jiwe la kijivu lililolala mgongoni mwa mlima, pana kiasi cha kutosha kaya kadhaa kupura kwa pamoja bila fimbo kugongana. Ulikuwa umeinama kidogo upande wa mashariki, ambako watoto wa vizazi vingi walikuwa wameteleza juu ya vipande vya ngozi ya mbuzi mpaka jiwe likang'aa. Upepo uliufikia kutoka kila upande. Nafaka iliyopurwa hapo ilitoka safi, haina mchanga, na mlaji hakuhitaji kutafuna kwa hadhari. Wakati wa mavuno wanaume walipiga masuke, wanawake walipepeta, vikongwe waligawa togwa na kusema yale ambayo mwaka mzima walikuwa wameyanyamazia, na watoto waliteleza. Zaidi ya mchumba mmoja alipatikana katika vumbi lile. Isipokuwa kanisani siku ya Krismasi, hapakuwa na mahali pengine ambapo familia zote zilionekana pamoja.

Kazi ya kuuandaa mwamba ilikuwa ya nyumba ya Mathayo, kwa sababu ulikuwa ndani ya mpaka wa babu zake. Kila mwaka, kabla ya mavuno, Luciana aliusugua kwa maji, akang'oa kuvu, akaufagia. Kila kaya iliyomaliza kupura ilimwachia kikapu cha nafaka, ambacho watu walikiita kikapu cha ufagio. Tangu Mathayo afariki, na binti yao Lea aolewe Shelui, shamba la Luciana lilikuwa dogo kama nguvu za mikono yake. Lililomfikisha hadi mavuno yaliyofuata ni vile vikapu. Hilo lilijulikana na kila mtu, na kwa hiyo halikuwahi kusemwa.

Kisha Serikali ikataka kila Jumbe aweke kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia. Majumbe wengine walichimba visima, wengine walipanda miti. Jumbe Bonifasi aliwahi kufika Dodoma, akaona bustani yenye bembea ambamo watoto wa Wazungu walisukumwa na yaya zao, na tangu siku hiyo aliamini kwamba maendeleo ni kitu kinachoning'inia kwa minyororo. Akauliza ni mahali gani watu wake hukusanyika na jamaa zao. Akajibiwa kwamba ni mwambani. Basi akaamua kuwajengea mahali pa kukusanyika, na akapachagua pale pale walipokuwa wakikusanyika.

Alikuja kwa Luciana akiwa pamoja na Naftali. Naftali alikuwa rafiki wa Mathayo tangu walipokuwa wachungaji wa ndama. Ndiye aliyechimba kaburi lake, na katika zizi lake alikuwa akimtunza ng'ombe mmoja wa marehemu, jike mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Mambo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida huko. Mtu humweka ng'ombe kwa rafiki yake. Rafiki hunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na siku mwenyewe atakapomtaka, rafiki atamrudisha. Hakuna kinachoandikwa. Mwenye ng'ombe humkabidhi rafiki kamba mbele ya shahidi, na shahidi husema neno moja tu: "Nimeona." Watu waliokuwa wakigombana juu ya mipaka, juu ya wake na juu ya dini hawakuwahi kugombana juu ya neno hilo.

"Mama Lea," Jumbe alisema siku hiyo, "Serikali inaomba mwamba."

"Inaomba, au inachukua?"

"Ingekuwa inachukua ningekuja na askari. Nimekuja na Naftali."

Luciana alimtazama Naftali, naye Naftali akatikisa kichwa kwa upole, kama amwambiaye mtu kwamba maji si ya kina. Hapo ndipo alipoingia ndani na kutoka na kamba ya ngozi aliyoisuka Mathayo, yenye fundo nene mwishoni kwa sababu Mathayo hakujua kumaliza kitu bila kukizidisha.

"Mwamba siutoi, Jumbe. Ninauweka kwako. Mwaka mzima maziwa ni yako, samadi ni yako, watoto wacheze watakavyo. Ila uwele ukikomaa, mwamba unarudi nyumbani mpaka kaya zote zitakapomaliza kupura."

Jumbe aliipokea kamba akicheka. "Kwa hiyo mwamba huu ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe."

"Asije akanipiga teke."

"Nimeona," alisema Naftali.

Bustani ilijengwa upesi. Zilisimamishwa nguzo za bembea yenye viti vitatu. Uliwekwa ubao wa watoto wawili kupandishana na kushushana, pamoja na mtelezo wa bati, uliosimikwa hatua chache kutoka kwenye mwinuko ambao watoto walikuwa wakiuteleza bure. Jua la mchana lililitia bati joto la kikaango; mtoto aliyeujaribu mtelezo huo mara moja alirudi kwenye jiwe. Yalipangwa mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka maua ambayo mbuzi waliyapenda. Ulioteshwa uzio wa minyaa, likawekwa lango la mbao, na juu ya lango likatundikwa bango lenye maneno haya: BUSTANI YA FAMILIA. MAPUMZIKO NA MICHEZO TU. Naftali akateuliwa kuwa mlinzi, akapewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na Luciana akafurahi, kwa sababu aliona kwamba ng'ombe wake amepata mchungaji anayemjua.

Mavuno ya mwaka wa sherehe, Jumbe aliomba wavumilie: saruji ilikuwa changa na wageni walikuwa wengi. Walipura majumbani, juu ya udongo, na mwaka huo ugali wa mlimani kote ulilia menoni. Vikapu vya ufagio havikuja, kwa kuwa hapakuwa na kilichofagiliwa. Luciana alikula kwa kukadiria, na miezi ya mvua akala kwa Lea, Shelui, ambako mkwewe alimkaribisha kwa adabu iliyokuwa ikipungua kila Jumapili. Mwaka mwingine wa namna hiyo asingeuweza, na asingemwomba mkwe.

Kutoka gulioni, Luciana na Klara walipanda moja kwa moja hadi bustanini. Hapakuwa na familia hata moja. Kiti cha pili cha bembea kilikuwa cha kijani. Lango lilikuwa limefungwa kwa kamba ya ngozi, na mwishoni mwa kamba hiyo palikuwa na fundo nene.

Luciana alilishika fundo lile.

"Mlinzi!" Klara aliita. "Wewe mwenye vifungo! Toka utufungulie, tumekuja kupumzika."

Naftali alitoka nyuma ya nguzo za bembea akiwa na kopo la rangi mkononi. "Karibuni. Ila leo bembea haitumiki."

"Tumesikia. Limetangazwa mpaka kuku wanajua."

"Shemeji Naftali," Luciana alisema, "kamba hii imefikaje hapa?"

"Jumbe alinipa nifungie. Kufuli bado haijaletwa kutoka Singida."

"Unaikumbuka?"

Naftali aliitazama ile kamba muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji kutazamwa. "Nitaisahauje? Nilikuwapo alipoisuka."

"Uwele umekomaa."

"Najua. Wangu pia unaliwa na mchwa." Akaweka kopo chini. "Shemeji, mimi kufungua kwa hiari yangu siwezi. Lakini Bwana Shauri anakuja kusikiliza baraza kabla mwezi haujaisha. Peleka neno lako huko. Jumbe akikataa, niulize mimi mbele ya watu. Nitasema nilichoona."

Klara, walipokuwa wakishuka, alisema hakuwahi kumwona mtu aliyevaa koti akasema alichoona. Luciana alimwambia anyamaze. Alisema Naftali hakuzaliwa na koti.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa kijana wa Kizungu mwekundu wa shingo, aliyejifunza Kiswahili kwa bidii na kukizungumza kana kwamba kila neno alikuwa amelikopa na angepaswa kulirudisha likiwa zima. Aliketi chini ya turubai, Jumbe kuumeni kwake na Urbano kushotoni. Alimsikiliza Luciana bila kumkatiza, jambo ambalo Jumbe hakuwahi kulifanya, na mjane huyo akaanza kutumaini.

"Mama," alisema alipomaliza, "wewe huipendi bustani?"

"Sina neno na bustani, Bwana. Nataka mwamba wakati wa kupura, kisha bustani iendelee."

"Lakini kupura ni kazi. Bustani ni mahali pa familia kupumzika pamoja."

"Sisi hupumzika pamoja tukipura, Bwana."

Bwana Shauri alilitafakari jambo hilo kwa uaminifu, na ilionekana wazi kwamba hakulipata. Akamgeukia Jumbe.

"Mama huyu alitoa mahali pale kwa moyo wake, mbele ya shahidi," alisema Jumbe Bonifasi. "Alinipa na kamba, kama zawadi. Mimi nilidhani ni furaha ya Malkia."

Watu walioketi nyuma waliguna. Mzee mmoja alitema mate pembeni, akayafunika kwa mchanga kwa kidole cha mguu. Hapakuwa na mtu wa mlimani asiyejua maana ya kamba iliyopita kutoka mkono hadi mkono; hata watoto waliucheza mchezo huo kwa mbuzi wa udongo.

"Kamba si zawadi," Luciana alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia, kwa sababu sehemu aliyoiogopa ilikuwa imepita na iliyobaki aliiamini. "Kamba ni ya kuweka. Shahidi yupo. Aulizwe."

Naftali aliitwa. Alisimama akiwa amefunga vifungo vyote, ingawa jua lilikuwa kali.

"Ulikuwapo?" aliuliza Bwana Shauri.

"Nilikuwapo."

"Uliona kamba ikitolewa?"

"Niliona."

"Je, ilikuwa na maana kwamba mwamba umewekwa tu, na utarudishwa?"

Naftali alimtazama Jumbe. Jumbe alikuwa akikuna kifundo cha mguu wake, kama mtu asiyehusika. Kisha Naftali akatazama mahali fulani juu ya kichwa cha Luciana, ambapo hapakuwa na kitu.

"Bwana, kwa desturi yetu kamba hutolewa pamoja na ng'ombe. Kamba niliiona. Ng'ombe sikumwona."

Watu waliinamisha vichwa kama walio msibani. Bwana Shauri aliinama akaandika, kwa kuwa hatimaye alikuwa amepata sentensi anayoielewa. Klara alisimama.

"Naftali! Na mdomo uliosema 'Nimeona' ulikuwa wa nani? Wa ng'ombe?"

"Keti, mama," alisema Urbano.

"Nikae wapi? Kwenye bembea?"

Aliketishwa. Bwana Shauri alisema kwamba ameguswa na pande zote mbili, kwamba uamuzi si jambo la haraka, na kwamba ungeletwa. Luciana hakusikia yaliyosalia. Alikuwa akiwaza jambo dogo: kwamba Naftali alisema kweli tupu. Hakuna aliyemwona ng'ombe. Na alifahamu kwamba uongo angeweza kuujibu, lakini kweli ya namna ile, iliyochongwa na mtu anayejua desturi mpaka ndani, haikumwachia mahali pa kushika. Jumbe angeweza kuonewa shaka tangu mwanzo. Kosa lake mwenyewe lilikuwa kuliweka jiwe kana kwamba lina miguu, akiamini kwamba wanaoona wanaona kitu kimoja.

Jua lilikuwa linaelekea milimani siku hiyo hiyo Naftali alipotokea kwenye mwanya wa uzio wa Luciana. Koti hakulivaa. Nyuma yake alikuwa yule jike mwekundu wa pembe iliyopinda, akivutwa kwa kamba mpya ya katani.

"Hodi, shemeji."

Luciana alikuwa akikung'uta udongo wa mchwa kwenye miguu ya chanja. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Nimemleta," alisema Naftali.

"Sikumwomba."

"Najua."

"Basi kwa nini umemleta?"

Naftali alihamisha kamba kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Akiendelea kukaa kwangu, watu wataniuliza alikuja kwa njia gani."

"Nawe utawajibu nini?"

Naftali alimpapasa ng'ombe shingoni.

"Shahidi wa ng'ombe huyu alikuwa nani?" Luciana aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Marehemu baba mkwe wa Klara."

"Alisema nini?"

"Shemeji, tusifike huko."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nimeona.'"

"Mathayo aliamini."

"Nina watoto, Mama Lea. Jumbe alisema nikisimama upande wako nimrudishie koti, na kazi ampe mtu wa Iguguno. Mwamba usingefunguliwa hata kama ningesema. Wanachotaka wameshakitaka. Mimi nimeongeza nini?"

"Hukuongeza kitu," alisema Luciana. "Koti ni zuri. Litadumu."

Naftali alimnyooshea kamba. Desturi ilitaka ipokewe kwa mkono, na mbele ya mtu wa kuona. Luciana aliendelea kukung'uta udongo. Baada ya muda Naftali aliilaza kamba chini, polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika, akaondoka bila kuaga.

Ng'ombe alibaki amesimama. Kisha akasogea kwenye chanja, akanyoosha shingo, akaanza kula masuke. Luciana alimwacha ale suke la kwanza, na la pili, ndipo alipoinuka kumwondoa. Asubuhi jike yule aliondoka mwenyewe na kurudi katika zizi la Naftali, kwa njia aliyoizoea. Mke wa Naftali akamrudisha. Kesho yake ng'ombe akaenda tena. Kwa siku zote hizo Naftali alipita njia ya nyuma ya mlima kwenda bustanini, ingawa ilikuwa ndefu zaidi, na kila jioni alilifunga lango kwa kamba ya Mathayo, kwani kufuli ilikuwa bado haijafika.

Kaya za mlimani hazikungoja. Moja baada ya nyingine zilitwanga udongo wa nyua zao, zikaukandika samadi, zikapura hapo. Wengine walikuja kumwambia Luciana kwamba wamesikitika, na wakamwambia kweli. Klara alimletea kikapu. Luciana alikirudisha, akisema kwamba yeye hula kwa ufagio na mwaka huu hakufagia. Klara alimwita mjinga, akakiacha mlangoni, na kikapu kikakaa hapo mpaka kuku wakakipunguza.

Siku ya gulio iliyofuata, Urbano alipanda juu ya jiwe la gulioni, akawaelekea wauza chumvi, akakunjua karatasi. Luciana alikuwa amesimama mbele, ufagio mpya mkononi. Alikuwa ameufunga asubuhi hiyo, kwa kuwa upepo ulikuwa bado haujaisha.

"Inatangazwa kwa watu wote walio chini ya Jumbe Bonifasi kwamba shauri la Luciana, mjane wa Mathayo, limesikilizwa kwa makini na limeamuliwa. Mwamba ni sehemu ya Bustani ya Familia, na utabaki hivyo. Hata hivyo, kwa kutambua mapenzi ya mlalamikaji kwa mahali hapo, ataruhusiwa kuingia bustanini siku yoyote kabla ya jua kutua, pasipo ufagio, fimbo wala nafaka. Kwa ajili ya mapumziko yake, na ya wanawake wengine wenye malalamiko kama yake, benchi la saruji litajengwa juu ya mwamba, katikati. Benchi hilo litapakwa rangi ya kijani. Ni marufuku kwa mtu yeyote kulikalia mpaka rangi itakapokauka. Kwa amri."